Asisaini hiyo barua ya kuacha kazi

Mkuu, kabla hujamaliza kusoma hapa, mpigie simu huyo rafiki yako. Mwambie asiweke sahihi kwenye hiyo barua, asiweke dole gumba, na kitambulisho chake asimkabidhi mtu.

Umeuliza mengi: aanzie ofisi gani, kama unaweza kumfuatilia kwa niaba yake, mkopo wa halmashauri wa watu wenye ulemavu anaupataje, bima ya afya itakuwaje. Lakini katikati umepitisha kama jambo dogo kwamba aliangukia mgongo kutoka juu ya lori la saruji hapo Moshi akiwa kazini, kichwa bado hakijatulia, anasahau sahau, na sasa ofisi imemletea barua ya kuacha kazi kwa hiari "ili alipwe haraka". Tarehe wataijaza wao. Hilo la tarehe ndilo limenifanya niandike usiku huu.

Nina rafiki niliyekua naye Ngarenaro, hapa Arusha. Alikuwa anapakia mizigo kwenye ghala moja kule Unga Limited, magunia yakamporomokea, uti wa mgongo ukaumia. Ni mtu mpole, shule hakufika mbali, bosi akisema neno yeye anaitikia. Afisa utumishi alimfuata wodini na mfuko wa machungwa na bahasha. Akamwambia pole, kampuni inakujali, weka sahihi hapa tukupe chochote cha kujikimu, mengine yatafuata. Mkewe alikuwa ameenda kumletea uji. Akasaini. Barua imeandikwa kwa lugha ambayo hata mimi niliisoma mara mbili, na sehemu ya tarehe ilikuwa wazi.

Tulipoanza kudai fidia ndipo tukaambiwa mwajiri anasema huyu mtu alishaacha kazi kabla ya ajali. Barua hii hapa, sahihi yake hii hapa, na tarehe imejazwa kwa kalamu nyingine: ya kabla ya magunia kuanguka. Yaani kwa mujibu wa ile karatasi, alikuwa mpita njia tu aliyeingia ghalani kwao.

Sasa elewa karatasi hiyo inaua nini. Mtu akiumia kazini, madai yake yanakwenda WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwajiri ndiye anayechangia, mfanyakazi hakatwi hata senti. Akiwa hawezi kufanya kazi kwa muda, kuna malipo ya asilimia 70 ya kipato chake cha mwezi, yanaweza kwenda hadi miezi 24. Ulemavu ukibaki wa kudumu, madaktari wanaupima kwa asilimia: usiozidi 30 analipwa kwa mkupuo, ukizidi 30 anapata pensheni ya kila mwezi. Kuna matibabu, kuna utengamao, yaani kusaidiwa kurudisha uwezo wake, na kama hawezi kujihudumia kuna fao la mtu wa kumsaidia. Vyote hivi vinasimama juu ya neno moja, kwamba siku ile alikuwa mfanyakazi wao. Barua isiyo na tarehe inakata mguu huo, na wao wanabaki na laki mbili tatu walizompa mkononi kama ushahidi kwamba mliachana kwa amani.

Na usidanganywe kwamba bila barua hawawezi kumhudumia. Sheria ya kazi ya 2004 inampa mgonjwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo mshahara kamili, 63 nyingine nusu mshahara, mradi ana cheti cha daktari. Wakimfukuza, ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akiacha kazi mwenyewe kwa maandishi, atasimama mbele ya msuluhishi akieleza nini? Hata fao la kukosa ajira kule NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, halimlengi mtu aliyeacha kazi kwa hiari. Barua moja, milango yote inafungwa.

Yule afisa utumishi alijua. Hakuna mtu anayefanya kazi hiyo asiyejua kwamba ajali inatakiwa kuripotiwa WCF ndani ya siku saba tangu mwajiri apate habari. Alijua, akabeba machungwa. Mtu kalala kifudifudi, anauliza lini ataanza kutembea, wewe unamshikisha kalamu! Na wengine ni wale vishoka wanaozunguka maofisini. Wetu alijifanya anajua wakubwa, kila wiki faili "linasogea" na kila linaposogea linataka hela ya soda. Kumbe faili hata halijafunguliwa. Kudai fidia WCF ni bure, mkuu. Anayekuomba hela ya kusogeza, ondoka.

Rafiki yangu leo anakaa kwa dada yake kule Kwa Mrombo, anatembea kwa kushika ukuta. Hajalipwa. Tulichoweza ni kukusanya ushahidi kwamba baada ya ile tarehe ya uongo bado alikuwa kazini: meseji za msimamizi akimwita zamu, mshahara ulioingia kwenye simu, michango ya NSSF ya mwezi wa ajali, karatasi ya hospitali ya siku ile iliyoandika ameumia akipakia mzigo, na wapakiaji wenzake wawili waliokubali kuandika maelezo. Wengine waliogopa na siwalaumu, wana watoto. Vitu hivyo tulivitafuta kwa jasho wakati simu yake ya zamani ilikuwa imeshauzwa kulipia dawa.

Wa kwako bado hajasaini, kwa hiyo mnaweza kuvipata vyote wiki hii. Chukua simu yake, piga picha meseji zote na miamala, zitunze kwako. Omba hospitali nakala ya maelezo ya siku ya kwanza, na hakikisha yamesema ameumia kazini, siyo "ameanguka" tu. Pelekeni taarifa ya ajali kwa mwajiri kwa maandishi, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kuipokea au kuripoti, nendeni WCF wenyewe na ofisi ya kazi ya mkoa. Madai yana ukomo wa miezi 12 tangu ajali, msikae mkisubiri huruma.

Na kwa sababu anasahau, asibaki peke yake na wageni wa kampuni. Mkewe, mama yake, wewe, yeyote anayesoma, awepo. Wakileta karatasi, jibu liwe moja: "Iacheni hapa, ndugu zangu wataisoma kwanza." Wakisema haiachwi, basi haisainiwi. Ukishampigia niandikie hapa kasemaje, na kama barua iko nyumbani kwao tayari, ipige picha hivyo hivyo ilivyo, na nafasi ya tarehe ikiwa tupu, kabla hawajairudia.