Kwa wewe unayeanza kuwasoma wahenga wa China

Wanaoanza huja na lalamiko lile lile: sina muda. Lina umri mkubwa. Katika karne ya 3 mtu mmoja alimwendea mwalimu Dong Yu akitaka kufundishwa, naye akaambiwa akasome kwanza kitabu mara mia, na maana yake itajitokeza yenyewe. Akasema muda hana. Dong Yu akamwambia atumie masalio matatu: majira ya baridi ni masalio ya mwaka, usiku ni masalio ya mchana, na siku ya mvua ni masalio ya majira. Ndizo saa ambazo mkulima ameweka jembe chini. Kaa chini utafute za kwako, zipo.

Ukishazipata, usizijaze kurasa. Mwanafalsafa Zhu Xi (1130–1200) aliwahimiza wanafunzi wake wasome kidogo na kurudia sana, akisema kwamba vitu vitatu lazima vifike kwenye maandishi: moyo, macho na kinywa. Moyo ndio mkubwa wao. Kwa hiyo soma kwa sauti, hata kama ni ya chini. Mimi naona hakuna njia nyepesi kuliko hiyo ya kugundua kwamba mawazo yameshatoroka.

Sasa, kurudia si kukariri. Mshairi Su Shi alimwandikia kijana mmoja kwamba kitabu kizuri kina kila kitu kama bahari, na nguvu za mtu haziwezi kubeba vyote. Basi kila unaporudi, nenda na swali moja tu. Jaribu kwa yale maneno ya Confucius kumhusu mwanafunzi wake Yan Hui: chombo kimoja cha chakula, kibuyu kimoja cha maji, makazi ya uchochoroni. Wengine wasingevumilia dhiki hiyo, lakini Yan Hui hakupoteza furaha yake. Mara ya kwanza uliza: ana nini hasa? Mara ya pili: nani anamsifu? Ni mwalimu, na hataji cheo wala mali. Mara ya tatu: hiyo furaha ni ya nini? Hapo utakwama, kwa kuwa Confucius hasemi. Usiogope kukwama. Katika karne ya 11 mwanafalsafa Zhou Dunyi aliwapa wanafunzi wake, ndugu wawili wa ukoo wa Cheng, swali hilo hilo walitafutie jibu, nao wakaja kuwa wanafikra wakubwa.

Jihadhari tu usidhani wahenga hawa wanausifia umaskini. Confucius huyo huyo alisema nchi ikiongozwa vyema, kuwa maskini ni aibu. Wanachokipenda ni moyo usiotegemea fahari. Su Shi alipohamishiwa Huangzhou mwaka 1080 kwa adhabu, alilima shamba, na akaandika shairi kuhusu nyama ya nguruwe ya huko, rahisi kwa bei: matajiri hawaitaki, maskini hawajui kuipika. Mapishi yake ni maji kidogo na moto mdogo, bila kuiharakisha. Napenda sana kwamba msomi wa kiwango chake aliona jambo hilo linastahili wino.

Na majina ya watawala na falme yakikuchosha, yapite. Mshairi Tao Yuanming, aliyeacha utumishi wa serikali mwaka 405, alijieleza kuwa mpenda kusoma asiyeng'ang'ania kila neno, ila akipata maana husahau hata kula. Yale uliyoyaruka yatakungoja. Utakaporudi nenda nayo kama swali.