Paka Akilazwa Ugenini: Daktari wa Mifugo Anawajibu Wasomaji

SWALI: Ndugu Daktari, ninatarajia kusafiri kwa majuma mawili, na ninakusudia kuwaacha paka wangu wawili katika nyumba ya kulelea paka. Mmoja wao aliugua mafua makali alipokuwa mdogo, ingawa sasa ni mzima kabisa. Nilipokwenda kuitazama nyumba hiyo nilipokewa na harufu kali ya dawa ya kusafishia, nami nikaridhika kwamba pana usafi. Je, kuna jambo jingine ninalopaswa kuliangalia?

JIBU: Harufu ya dawa pekee isikuridhishe. Dawa zenye kemikali iitwayo fenoli, ambazo baadhi yake hugeuka nyeupe kama maziwa zinapotiwa katika maji, ni sumu kwa paka, kwa kuwa ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuivunja fenoli. Paka hukanyaga sakafu yenye mabaki ya dawa hiyo, kisha akaketi na kujilamba nyayo. Uliza ni dawa gani inayotumika, wala usione haya kuomba kuisoma lebo yake.

Ukishajua dawa, mwangalie anayeitumia. Mafua ya paka husababishwa zaidi na virusi vya aina mbili, yaani vya hepesi na vya kalisi, na matone ya chafya hayarukii mbali, kwani kwa kawaida huanguka ndani ya mita 1 au 2. Kinachoufikisha ugonjwa hadi kizimba cha mwisho ni mikono ya mhudumu, nguo zake, bakuli na kitambaa cha kufutia. Ningekushauri uombe kuwapo wakati wa kulisha, umtazame mhudumu kwa utulivu. Je, hunawa mikono kabla ya kuhamia kizimba kingine? Je, kila paka ana bakuli na trei yake ya choo, au vyombo huoshwa pamoja na kurudishwa popote? Ukimwona anachovya kitambaa kilekile katika ndoo ileile kuanzia kizimba cha kwanza hadi cha mwisho, tafuta mahali pengine, hata kama sakafu inang'aa. Angalia pia kwamba huanza kuwahudumia paka wachanga na wazima, na wanaoshukiwa kuwa wagonjwa wakawa wa mwisho, katika chumba chao.

Sasa nije kwa huyo aliyewahi kuugua. Virusi vya hepesi haviondoki mwilini. Hujificha katika mishipa ya fahamu maisha yote ya paka na huamka anapopata msongo, na kuhamishiwa mahali pageni ni msongo mkubwa kwa mnyama anayeipenda sana himaya yake. Kwa kawaida huanza kutoka takriban juma moja baada ya msongo huo, na huendelea kutoka kwa siku kadhaa hadi majuma mawili, wakati mwingine bila paka kuonyesha dalili yoyote. Kwa hiyo mweleze mwenye nyumba historia hiyo waziwazi, uombe paka wako wawili wakae pamoja, mbali na paka wachanga, na uwapelekee shuka au blanketi wanalolilalia, bila kulifua. Omba pia kizimba chao kisipigwe dawa chote kila siku wakiwa humo. Inatosha kuondoa kinyesi, kufuta palipochafuka na kubadilisha maji, kwa maana paka anayeondolewa harufu yake kila asubuhi huanza upya kila asubuhi.

Kuhusu chanjo, wote wawili wawe wamechanjwa dhidi ya hepesi, kalisi, panlukopenia (ugonjwa mkali wa virusi unaoleta kutapika na kuharisha) na kichaa cha mbwa. Kama wanahitaji kuongezewa, fanya hivyo angalau juma moja kabla ya safari, si siku ya kuwapeleka. Chanjo ya mafua hupunguza ukali wa ugonjwa bila kuzuia kabisa maambukizi. Nyumba inayopokea paka bila kudai cheti cha chanjo isipewe paka wako.

SWALI: Ninawalea paka wa watu nyumbani kwangu, wasiozidi watano kwa wakati mmoja. Juma lililopita mmoja alitapika na kuharisha, na daktari akathibitisha kuwa ni panlukopenia. Nimekiosha kizimba chake kwa sabuni na maji ya moto. Je, ninaweza kumpokea mwingine?

JIBU: La, bado. Virusi vya panlukopenia ni vigumu mno kufa. Ndani ya nyumba vinaweza kudumu mwaka 1, na sabuni huviondoa kwa sehemu tu bila kuviua. Dawa nyingi za kawaida za kusafishia pia haziviui. Klorini, yaani dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, huviua, ikitumiwa ipasavyo: ondoa kwanza uchafu wote, osha kwa sabuni, suuza, kisha ndipo upake klorini, kwa sababu kinyesi na mabaki ya chakula huidhoofisha. Kwa klorini ya asilimia 5, changanya sehemu 1 kwa sehemu 32 za maji, yaani kama mililita 30 kwa lita 1. Acha pabaki pamelowa kwa dakika 10, halafu suuza na kukausha kabisa. Tayarisha mchanganyiko mpya kila siku, na kamwe usiumimine juu ya mkojo wala kuuchanganya na dawa nyingine, kwani hutoa hewa ya sumu.

Maboksi, mazulia na gogo la kukwaruzia makucha havisafishiki, vitupe. Waarifu wenye paka wengine waliokuwapo siku hizo, ingawa ni jambo zito kulisema, na usipokee mgeni kwa siku 14, ambazo ndizo ugonjwa huweza kuchukua kujitokeza. Baadaye pokea paka wazima waliokamilisha chanjo; wachanga wasubiri zaidi.

SWALI: Dada yangu ni mjamzito, nasi tumekubali kumtunza paka wa jirani. Je, kuna hatari?

JIBU: Hatari ni ndogo mkiwa waangalifu. Kinachohofiwa ni kimelea cha toksoplasma, ambacho kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mayai yake yanayotoka katika kinyesi cha paka huhitaji siku 1 hadi 5 ndipo yaweze kuambukiza, kwa hiyo trei isafishwe kila siku, na mtu mwingine. Asipopatikana mtu, dada avae glavu na kunawa mikono mara moja. Paka asipewe nyama mbichi, na dada naye asile nyama isiyoiva vizuri, ambayo mara nyingi ndiyo njia ya maambukizi.

SWALI: Kila ninapomlaza paka wangu ugenini hasusi michezo tu, bali hata chakula. Huambiwa atazoea. Ningoje kwa muda gani?

JIBU: Usingoje zaidi ya siku 1. Paka asiyekula kwa siku 2 au 3, hasa akiwa mnene, anaweza kujaa mafuta katika ini, nao ni ugonjwa unaoua. Mara nyingi sababu ni nyepesi: bakuli limewekwa karibu na trei ya choo, au chakula kimebadilishwa ghafla. Peleka chakula chake mwenyewe, na udai mhudumu aandike kila siku kiasi alichokula, mkojo na kinyesi. Maandishi hayo yana faida nyingine kwa paka dume: akichuchumaa mara kwa mara kwenye trei na mkojo usitoke, apelekwe kwa daktari saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.