Zama zilikuwa za nani?

Ninyi mliopata vyeti juzi na mnaanza kuongoza wageni hapa Lamu, tarehe hazitawasumbua. Kwamba ngome ilikamilika mwaka 1821, kwamba mji mkongwe uliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, hayo mtayashika kwa wiki moja. Kitakachowatoa jasho ni mgeni atakayesimama mbele ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya nyumba za kale, aiangalie ile kazi ya chokaa mpaka ashibe, kisha aulize: "Wenye nyumba hii walikuwa na watumwa?"

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na jibu moja. Nikisema: ndiyo, lakini zama zilikuwa hivyo, na watu wa kale hawapimwi kwa mizani ya leo. Nililipenda kwa sababu lilifunga mjadala, na nikiamini kuwa naulinda mji wangu.

Yapata miaka ishirini iliyopita nilikuwa kwenye daka, ukumbi wa mlangoni, la nyumba moja ya mtaa wa Mkomani na wanafunzi waliotoka bara, nikalitoa jibu langu kama kawaida. Pembeni, barazani, alikuwa ameketi mzee mmoja wa mtaa wa Langoni. Aliningoja nimalize na watoto, ndipo akaniita.

"Mwanangu, nyanya yangu alitumikishwa mtaa huu huu. Na yeye alikuwa mtu wa zama hizo. Mbona hukumuuliza yeye zama zilikuwaje?"

Nilimwomba radhi. Akaipokea, akaniambia niketi, tukazungumza mpaka adhana ya alasiri. Yote ninayowaambia hapa yanatokana na swali lake.

Tunaposema "watu wa wakati ule waliona ni sawa", tunawahesabu mabwana peke yao. Sayyid Majid, Sultani wa Unguja, alipoufufua mji wa Malindi mwaka 1861, mashamba ya mtama na ufuta yalilimwa kwa mikono ya watumwa. Wengi wao walitoroka. Walikimbilia bara, wakajenga vijiji vyao, Fuladoyo kikiwa kimojawapo, wakalima na kujilinda huko wakijua kwamba wanaweza kufuatwa na kurudishwa. Mtu anayehatarisha roho yake msituni ameshatoa hukumu, tena katika zama zile zile. Mizani hiyo hatukuileta sisi.

Shida kubwa huja kwa watu tunaowapenda, na hapa Lamu mtakutana nayo kwa mshairi Mwana Kupona. Mimi nampenda, na nasema wazi. Alikuwa mgonjwa alipotunga utendi wake mwaka 1858, akamwachia binti yake wosia wa dini, adabu na ndoa. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alipambana na majeshi ya Sultani wa Unguja miaka mingi. Huwezi kuizungumzia fasihi ya Kiswahili ukampita bibi huyu. Lakini katika wosia huo huo anamwambia bintiye asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi, kwa kuwa watamharibu. Nimewasikia waongozaji wakiuruka ubeti huo. Na nimewaona wasichana wa shule waliousoma wenyewe, wakiuuliza, na mwongozaji akibabaika.

Msiuruke. Mwambieni mgeni: mama huyu alimpenda mwanawe kwa maneno ambayo hatujapata mfano wake, na mapenzi hayo yalikomea mlangoni mwa chumba cha watumwa. Semeni yote mawili kwa pumzi moja. Mkisema la kwanza tu mtakuwa mnamsifia muungwana, mkisema la pili tu mtakuwa mnamtukana marehemu, na mgeni ataondoka hajamjua hata kidogo.

Akiwaambia kwamba hakuna aliyeweza kufikiri vingine, mpelekeni msikiti wa Riyadha. Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija akafa hapa mwaka 1935, aliketi na watumwa na watoto wao akawasomesha dini, na wapo wakubwa wa mji waliochukizwa. Alizaliwa wakati Mwana Kupona bado yu hai. Dini yao ilikuwa moja na mji ulikuwa mmoja. Sisemi hivyo ili tumshushe bibi. Nasema ili mjue kwamba njia nyingine ilikuwepo na kuna aliyeipita.

Jihadharini pia msibadilishe mizani kwa kutazama uso wa msikilizaji. Wapo wageni kutoka Ulaya wanaopenda hadithi ya utumwa ikiwa ni ya Mwarabu na Mswahili tu. Waambieni kwa upole kwamba watumwa wa pwani hii walinunuliwa pia na Wafaransa wa visiwa vya Réunion na Mauritius. Waambieni Uingereza ilitangaza himaya yake hapa mwaka 1895, na utumwa ukaendelea kutambuliwa kisheria mpaka 1907, na ulipofutwa waliolipwa fidia ni mabwana. Jambo hili la fidia hunichoma kila nikilitamka, na sijazoea.

Mkiwapeleka wageni Malindi kwenye mnara wa Vasco da Gama, ni vivyo hivyo. Alipokewa vizuri pale mwaka 1498. Mwaka 1502, safari yake ya pili, aliichoma merikebu iliyojaa mahujaji waliokuwa wakirudi kutoka Makka, na kina mama waliwainua watoto wao juu wakiomba wahurumiwe. Tunayajua hayo kwa sababu Mreno aliyekuwemo katika msafara aliyaandika, na yalimtisha. Kwa hiyo mtu akikwambia mabaharia wote walikuwa hivyo, unaye shahidi wa zama zile zile, wa upande ule ule.

Siwataki muwe makadhi wa maiti. Hatuna mamlaka hayo, na tukianza kugawa pepo na moto tutakuwa tumeacha kazi. Kazi yetu ni kutafuta nani mwingine alikuwepo chumbani.

Mimi siku hizi nimebadilisha njia ninayowapitisha. Zamani tulipanda ngazi moja kwa moja hadi ghorofani, kwenye zidaka na vitanda vya kuchonga. Sasa naanzia chini, walikokaa watumwa, ambako hakuna nakshi yoyote. Nawaacha wageni wasimame kidogo wazoee kiza. Halafu ndipo tunapanda.