Nimwite Kila Mgeni kwa Jina?

SWALI: Nauza mabegi ya ngozi kwenye tovuti yangu. Watu wanaingia, wanatazama, wanaondoka. Nimeshauriwa nimsalimie kila mgeni kwa jina. Itasaidia?

JIBU: Ndugu yangu, jina peke yake halitoshi. Mimi hukereka nikifungua ukurasa nikasalimiwa kwa jina, halafu chini yake naoneshwa begi lile lile nililonunua wiki iliyopita. Hapo najua kabisa hakuna anayenikumbuka.

Anza na alichofanya mgeni. Aliyetazama begi la kompyuta mara mbili, akirudi mwoneshe begi hilo likiwa wazi, kompyuta ya inchi 15 imeingia, zipu inafunga. Hicho ndicho alichokuwa akijiuliza! Aliyebofya tangazo la zawadi apokelewe na zawadi, si ukurasa wa mwanzo. Kwa hilo huhitaji hata kumjua ni nani, kiungo alichobofya kinatosha.

Kumbukumbu za alichotazama mgeni hutunzwa na kuki, yaani faili ndogo ambazo tovuti huziweka kwenye kivinjari chake, kwa hiyo omba ruhusa kwanza. Kwa wateja walio Umoja wa Ulaya, ruhusa hiyo ni takwa la sheria. Na tafadhali, usimwandikie mtu kwamba ulimwona jana usiku akitazama begi. Mwekee tu karibu.