Bastola ya marehemu baba: leseni hairithiwi

Pole kwa msiba, ndugu yangu. Unauliza kama unaweza kubaki na bastola ya mzee kwa kuwa leseni yake ipo kabatini. Hapana. Hapa Tanzania leseni ni ya mtu mwenyewe. Ukikaa na silaha hiyo unajitafutia kesi ya jinai.

Usiipakie kwenye bodaboda kuipeleka kituoni, wala usijaribu kuitoa risasi. Msimamizi wa mirathi aende kwanza kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) na cheti cha kifo na leseni ile, aombe askari waje kuichukua. Awadai askari hao hati ya makabidhiano, namba ya silaha isomeke vizuri.

Ukiitaka, omba leseni yako, ukianzia serikali ya mtaa. Ndugu wakigombana, muone wakili.