Nusu Dakika, Dakika Chache, Siku Moja: Muda Ulio Nao Baada ya Kuumwa na Mdudu

Nimefuga nyuki kwa miaka kumi na tisa katika kijiji kilicho nje kidogo ya mji wa Arua, hapa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na katika muda huo nimeumwa mara nyingi mno, siwezi hata kuhesabu. Kwa sababu hiyo majirani hunijia kila mara mtoto anapoumwa na nyuki, nyigu au mdudu mwingine yeyote, na karibu wote huniuliza swali moja, yaani wapake nini. Wengine huwa wamekwisha kupaka mafuta ya taa, majivu au dawa ya meno kabla ya kufika kwangu. Tangu mwaka ule mpwa wangu aliponusurika kufa mbele ya macho yangu, nimekuwa nikiwajibu kwamba kabla ya kutafuta cha kupaka, mtu ajiulize kwanza ana muda gani. Nyuki anakupa nusu dakika, mzio unakupa dakika chache, homa ya malaria inakupa siku moja, na mbung'o anaweza kukuacha miezi mingi bila kukuonyesha alichokifanya.

Nianze na hiyo nusu dakika, kwa kuwa ndiyo ninayoifahamu zaidi. Mwiba wa nyuki una vijino vilivyoelekea nyuma kama vya ndoana. Anapomuuma mtu, mwiba hunasa katika ngozi na kung'oka pamoja na kifuko cha sumu. Nyuki mwenyewe hufa, lakini misuli ya kifuko kile huendelea kufanya kazi na kusukuma sumu ndani. Sehemu kubwa ya sumu huwa imeingia kabla ya nusu dakika kwisha. Mzee aliyenifundisha ufugaji alinionya nisiubane mwiba kwa vidole, bali niukwangue kwa kisu butu, na kwa miaka mingi nilipoumwa nilikuwa nikipapasa mfukoni kutafuta kisu huku sumu ikiingia. Watafiti walikwisha kulipima jambo hilo katika miaka ya 1990, wakaona kwamba namna ya kuutoa mwiba haileti tofauti yoyote ya maana, ila kuchelewa kuutoa ndiko kunakoongeza uvimbe. Basi utoe kwa kucha, kwa vidole, kwa upindo wa shati, kwa chochote kilicho karibu, na uutoe papo hapo. Nyigu kwa kawaida haachi mwiba, kwa hiyo usipouona usipoteze muda kuutafuta. Yeye anaweza kuuma tena na tena, na dawa yake ya kwanza ni kuondoka alipo.

Kuondoka kunahitajika hata kwa nyuki mmoja. Mwiba uliobaki mwilini hutoa harufu ya kuwaita nyuki wengine, harufu inayofanana sana na ya ndizi mbivu, na ndiyo sababu mzee yule alinikataza kula ndizi siku ya kurina asali. Nyuki wa kwetu Afrika wakikasirika humfuata mtu mbali, mamia ya mita. Kimbia moja kwa moja bila kusimama, funika uso na mdomo kwa nguo, usiwapige wala kurusharusha mikono, na uingie ndani ya nyumba au gari na kufunga mlango, hata kama wachache wataingia pamoja nawe. Usiruke mtoni wala kwenye bwawa, kwa maana watakungoja juu ya maji hadi utakapotoa kichwa kuvuta pumzi. Wanyama waliofungwa kamba hawana pa kukimbilia, nami nimeona mbuzi watatu wa jirani wakifa chini ya mwembe mmoja. Tangu siku hiyo siweki mzinga karibu na njia, kisima, shule wala mahali ambapo mtu hufunga mifugo, na ninarina jua likishazama, nikiwa na moshi wa kutosha na mavazi ya rangi nyeupe, kwa kuwa rangi nyeusi huwachokoza.

Kwa mtu wa kawaida aliyeumwa mara moja au mbili, matibabu ni mepesi. Osha mahali pale kwa maji na sabuni, vua pete na bangili mapema kabla mkono haujavimba, weka kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika kumi au kumi na tano, na ukiinue kiungo hicho. Paracetamol hupunguza maumivu, cetirizine hupunguza muwasho, na krimu ya hydrocortisone husaidia ikiwa ngozi haijachubuka. Uvimbe unaweza kuongezeka siku ya pili na kuwatia watu hofu, lakini hiyo bado ni kazi ya sumu, nao hupungua wenyewe. Panapoanza kuwa na usaha, homa, au wekundu unaozidi kupanuka baada ya siku hizo, hapo vijidudu vimeingia, mara nyingi kwa sababu ya kujikuna kwa kucha chafu, na mtu huyo anahitaji kuonwa na mganga wa kituo cha afya. Mafuta ya taa huunguza ngozi, na majivu huchafua jeraha. Ninawasihi akina mama wayaache kabisa.

Sasa nieleze habari ya mpwa wangu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na sita, akinisaidia msimu wa asali. Mwaka uliotangulia nyuki alimuuma mguuni, na baada ya muda mfupi alitokwa na mabaka yenye kuwasha tumboni na mgongoni, mbali kabisa na mahali alipoumwa. Mabaka yalipotea jioni ile, nasi tukasahau. Kosa langu kubwa ni hilo, kwa sababu mabaka ya mwili mzima kutokana na mwiba mmoja ni onyo kwamba mwili umeanza kuikataa sumu, yaani mzio. Mwaka uliofuata aliumwa shingoni na nyuki mmoja tu. Kabla ya dakika kumi kupita, midomo ilikuwa imevimba, sauti imekauka, akatapika, kisha akasema anaona giza. Tulimpakia kwenye bodaboda, akiwa ameketi wima katikati ya dereva na mimi, na njiani kichwa chake kikalegea begani mwangu. Katika kituo cha kwanza tulichofikia, dawa aliyoihitaji ilikuwa kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda nyumbani. Tulingoja. Alipochomwa sindano ya adrenalini pajani, alifumbua macho baada ya dakika chache, akaniita jina langu.

Nimeirudia siku ile mara nyingi moyoni, nami nimejifunza mambo ambayo ningetaka kila familia ya wafugaji wa nyuki iyajue. Dalili za hatari ni uvimbe wa midomo, ulimi au koo, sauti kubadilika, pumzi kuwa nzito au yenye mlio, mabaka mwilini pamoja na kutapika au kuharisha, kizunguzungu na kuzimia. Ukiona hata moja kati ya zile zinazogusa pumzi au fahamu, usingoje kuona kama itapungua. Dawa ni adrenalini. Kwa mtu mzima ni nusu miligramu inayochomwa kwenye msuli wa paja kwa upande wa nje, na mtoto hupewa kiasi kidogo kulingana na uzito wake. Cetirizine haizuii koo kuziba, na haifai kuwa sababu ya kuchelewa. Mgonjwa alazwe chali na miguu iinuliwe. Akishindwa kupumua anaweza kuketi huku miguu imenyooshwa, lakini asisimamishwe ghafla wala kutembezwa, kwa sababu shinikizo la damu likiwa limeshuka, kumsimamisha kunaweza kuuzima moyo. Kumketisha juu ya bodaboda, kama nilivyofanya mimi, ni jambo la hatari, na afadhali kulipia gari la jirani kwa bei yoyote. Hata akipata nafuu abaki hospitalini kwa saa kadhaa, maana dalili zinaweza kurudi.

Kila mwaka kabla ya msimu kuanza, huenda mimi mwenyewe katika vituo vya karibu na kuuliza kwa adabu: adrenalini ipo, na nani anashika ufunguo usiku? Nimeona wahudumu wakilipokea swali hilo vizuri. Sindano za kujichoma mwenyewe sijawahi kuziona katika maduka ya dawa ya mji wetu, kwa hiyo kujua kituo chenye dawa ndiyo kinga iliyo mikononi mwetu.

Mtu aliyeumwa na nyuki wengi, kwa makumi, apelekwe hospitalini hata kama hana mzio na anasema hajambo, kwa kuwa sumu nyingi huharibu misuli na figo, na madhara hayo huonekana baada ya saa nyingi au siku. Kwa mtoto, idadi ndogo zaidi inatosha kuleta hatari.

Kuhusu mbu sitasema mengi, ingawa ndiye anayeua kuliko wote niliowataja. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na kwa hiyo chandarua chenye dawa ndicho kinga ya kwanza. Kifuliwe kwa sabuni laini na kukaushwa kivulini, kwa maana jua kali hupunguza nguvu ya dawa, na kisigeuzwe kuwa uzio wa bustani ya mboga. Muda ulio nao kwa malaria ni saa 24: mtoto akipata homa, apimwe siku hiyo hiyo na mhudumu wa afya wa kijiji au kituoni, wala asipewe vidonge vilivyobaki kwa ndugu yake.

Kuna pia yule nzi anayetaga mayai katika nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au juu ya nyasi, kisha mabuu yake hujipenyeza katika ngozi na kuleta jipu lenye tundu dogo katikati. Anika juani na upige pasi ya moto pande zote, pamoja na mipindo na nepi za mtoto. Jipu likishatokea, lifunike kwa mafuta mazito ya kujipaka, ili buu akose hewa na kujitokeza, ndipo utamtoa taratibu bila kumpasua.

Nimalizie na mbung'o, ambaye wengi wetu huku tumeanza kumsahau. Yeye ndiye anayeeneza malale, yaani ugonjwa wa usingizi, na Uganda ndiyo nchi pekee inayojulikana kuwa na aina zote mbili za ugonjwa huo: ile ya kasi upande wa kusini-mashariki na kaskazini-kati, na ile ya polepole kwetu West Nile. Mlipuko ulioikumba Busoga na visiwa vya Ziwa Victoria kuanzia mwaka 1900 uliua zaidi ya watu 200,000. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba aina ya polepole si tishio tena kwa afya ya umma nchini, na sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na vile vitambaa vidogo vya buluu vilivyofungwa kwenye nyavu nyeusi zenye dawa na kusimikwa kando ya mito yetu. Mbung'o hupenda rangi ya buluu na nyeusi, hufuata kitambaa, hugusa dawa na kufa. Kwa hiyo ukiviona kando ya mto usiving'oe, na wewe mwenyewe unapokwenda kuvua au kuchota maji vaa nguo nzito zenye mikono mirefu na rangi ya kaki au ya udongo, kwa kuwa mbung'o huuma mchana na huweza kupenya kitambaa chepesi.

Aina hii ya malale inaweza kukaa mwilini miezi au hata miaka, ikileta homa inayokuja na kuondoka, maumivu ya kichwa, tezi za nyuma ya shingo kuvimba, na baadaye usingizi wa mchana na kuchanganyikiwa kunakofanya watu wadhani mgonjwa amerogwa. Siku hizi wagonjwa wengi wa aina yetu hutibiwa kwa vidonge vya fexinidazole, vinavyomezwa kwa siku 10 pamoja na chakula. Lakini mganga hawezi kupima ugonjwa asioufikiria. Ikiwa homa yako imerudi mara ya tatu na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, mwambie waziwazi kwamba huwa unakwenda mtoni, mto gani, na tangu lini.