Gari Linalochemsha Ukipanda Lushoto: Tazama Kwanza Kifuniko cha Rejeta

Kwa miaka kadhaa niliendesha gari langu hapa Tanga, Muheza na Pangani, na mshale wa joto haukuwahi kuvuka katikati hata mchana wa Februari. Siku nilipowapeleka wakwe zangu Lushoto, kilomita chache baada ya kupita Soni, mvuke ulianza kufuka kwenye bonneti na harufu tamu ya kulanti, yaani maji ya kupozea injini, ikaingia ndani. Tulikaa kando ya barabara karibu saa nzima, jiwe likiwa nyuma ya tairi, huku malori ya kabichi yakitupita kuelekea Mombo.

Fundi wa kwanza aliondoa temostati, vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, akaniambia tatizo limekwisha. Halikwisha. Injini ilichelewa kupata joto asubuhi, mafuta yakaliwa zaidi, na safari iliyofuata gari likachemsha palepale. Mzee mmoja mwenye gereji Ngamiani ndiye aliyefungua kifuniko cha rejeta, akabonyeza mpira wake kwa ukucha, na nikaona ufa mwembamba uliouzunguka karibu nusu. "Mwanangu, hiki hakizuii kitu," alisema.

Kifuniko hicho hakikuwekwa kwa ajili ya kuzuia maji yasimwagike tu. Kazi yake kubwa ni kubana mgandamizo ndani ya rejeta, na kwa magari mengi madogo mgandamizo huo ni bar 0.9 au 1.1 juu ya ule wa hewa ya nje, kiasi kwamba maji ya ndani hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Kikiwa kibovu, maji huchemka kama yaliyomo kwenye sufuria jikoni: nyuzi 100 hapa pwani, lakini karibu 95 tu Lushoto, ambako ni takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa sababu hewa inayoyakandamiza ni pungufu. Injini nyingi hufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 95. Ndiyo maana kifuniko kilichokufa huweza kukaa Tanga mwaka mzima bila kujulikana.

Watu wengi husema kule juu kuna baridi, kwa hiyo gari litapoa lenyewe. Ni kweli kwamba joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, na jambo hilo husaidia. Hata hivyo hewa ya Lushoto ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa karibu sehemu moja ya nane, hivyo feni hupuliza kiasi kidogo zaidi cha hewa kwenye rejeta, na injini isiyo na turbo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, nayo hupoteza nguvu, jambo linalomfanya dereva akanyage mafuta zaidi. Juu ya hayo, kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33 za kona na mpando, gari likiwa limejaa watu na likienda polepole, hivyo upepo wa mbele ni mdogo wakati joto linalotoka kwenye injini ni kubwa. Kwa maoni yangu mpando huu ndio unaolitesa gari kuliko kimo chenyewe cha Lushoto juu ya bahari.

Sasa kabla ya safari hukagua kifuniko, mkanda wa feni na rangi ya maji, na sijazi tena maji ya kisima, kwa kuwa visima vingi vya pwani vina chumvi inayoacha kutu na magamba ndani ya rejeta. Nikianza kupanda hutumia gia nzito, yaani za chini, mapema na kuzima kiyoyozi. Mshale ukipanda, hufungua hita ya ndani hadi mwisho, ingawa abiria hulalamika, kwa sababu hita ni rejeta ndogo ya pili. Mvuke ukitoka huzima injini na kusubiri walau nusu saa bila kugusa kifuniko, wala simwagii maji baridi injini yenye moto, kwani hedi, yaani kichwa cha injini, inaweza kupasuka. Nikifika Lushoto salama huacha injini iungurume dakika mbili au tatu kabla ya kuizima, ili pampu iendelee kuzungusha maji mpaka joto la mpando litoke.